Roho Aliyemjaza Fundi

Somo la wiki hii: Kutoka 31:1-6 na 35:30-35

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia usome mafungu yote mawili. Ni mafupi. Wengi wetu tukifika sehemu hii ya Kutoka huwa tunaruka, kwa sababu imejaa vipimo vya hema, mbao, pete na mapazia, na tunaona ni kama kusoma risiti ya duka la vifaa vya ujenzi.

Lakini angalia vizuri. Musa yuko mlimani. Mungu anamwambia kuna mtu amemwita kwa jina lake kabisa, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na amemjaza Roho. Sasa sisi Wapentekoste tukisikia mtu amejazwa Roho, tunangoja anene kwa lugha, atoe unabii au aombee wagonjwa. Bezaleli alijazwa Roho akaenda kukata vito, kuchonga mbao na kufua dhahabu, fedha na shaba. Hakuna mahali tunaambiwa alihubiri. Karama yake ilionekana kwenye vidole.

Ukifika sura ya 35 unapata jambo lingine ambalo ni rahisi kulipita. Bezaleli pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo kulikuwa na darasa pale jangwani. Na sura ya 36 inasema walioitwa kwenye kazi ni wale wenye ujuzi ambao mioyo yao iliwasukuma waje. Kwa hiyo pale hemani kulikuwa na ujuzi, mwalimu na moyo wa kupenda kazi. Naomba uyashike hayo, kwa sababu leo tunaongea juu ya watoto wetu na shule.

Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali moja na wazazi watatu, ndiyo maana nimeona niliandike badala ya kulijibu mlangoni baada ya ibada watu wakikimbilia matatu. Watoto wao wako Gredi ya 9. Wanatakiwa kuchagua mkondo wa Sekondari Pevu, na mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile tunaita STEM, halafu sayansi za jamii, halafu sanaa na michezo. Mama mmoja aliniambia hivi: "Pasta, kijana wangu anataka ufundi. Tangu Gredi ya 6 anashinda ufuoni akifungua injini za mashua. Si umwombee hiyo roho imtoke?" Alicheka akiuliza, lakini niliona hakuwa anatania.

Nataka kumjibu mama huyo kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina historia, na historia yenyewe iko hapa kwetu.

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1906. Miaka miwili tu baadaye, 1908, wanafunzi wakagoma. Hawakutaka kupewa kazi nyingi za mikono. Walikuwa wamekuja kusoma. Mgomo huo mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa wanafunzi katika nchi hii. Mtu akisikia haraka atasema hao vijana walikuwa wavivu. Hapana. Walikuwa wameona vizuri kwamba kwa mkoloni, Mwafrika alitakiwa kuwa mkono na Mzungu awe kichwa. Kalamu ndiyo ilikuwa mlango wa kutokea. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, na ushauri wake ukawa kwamba elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, afya na ufundi wa kijijini. Ushauri huo ulikuwa na mazuri yake, lakini jiulize kwa nini mtoto wa afisa Mzungu hakupangiwa masomo kama hayo.

Kwa hiyo babu zetu wakisema "shika kitabu", walikuwa wanapigania heshima yao. Mzazi anayetaka mtoto wake avae shati jeupe akae ofisini, hilo ombi amelirithi. Tusimcheke.

Baada ya uhuru serikali yetu wenyewe imejaribu kurudisha mikono darasani. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilitoa ripoti mwaka 1981, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza. Wengi wetu tunaukumbuka 8-4-4 kama mfumo wa kumeza vitabu, lakini haukuletwa kwa ajili hiyo. Uliletwa ili mtoto akimaliza shule awe na ujuzi wa kujitegemea. Kulikuwa na sanaa na ufundi, sayansi kimu, kilimo, muziki. Wazazi walichanga pesa za kujenga karakana. Nyinyi mliosoma miaka hiyo mnakumbuka kikapu kilichotakiwa shuleni Ijumaa, na Alhamisi usiku ni mama ndiye alikuwa akikimalizia kwa taa ya koroboi.

Ikawaje? Masomo yakawa mengi, vifaa vikakosa, na mwisho wa yote ni mtihani mmoja ulioamua nani anaenda shule ya kitaifa na nani anabaki kijijini. Mwalimu atafundisha kile kitakachopimwa, na mzazi atalipia hicho hicho. Hata masomo ya mikono yakaanza kukaririwa kwenye karatasi, mpaka mtoto anaweza kutaja sehemu zote za randa na hajawahi kuishika. Baadaye KCPE ikapunguzwa ikabaki karatasi tano, na kikapu kikaishia hapo. Mfumo ulioletwa kutuletea ujuzi ulimezwa na kukariri.

Nasema haya kwa sababu sasa tuko kwenye CBC na tunaweza kurudia njia ile ile. Mtaala huu ulianza nchini kote mwaka 2019. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wao wa KJSEA mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10. Mtihani huo unachukua asilimia 60 ya matokeo ya kupangiwa shule. Asilimia 20 inatoka kwa kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 20 nyingine kwa tathmini ya Gredi ya 6. Hapo kuna jambo zuri, kwa sababu siku chache za mtihani hazibebi tena kila kitu. Lakini ukipita mjini utaona vitabu vya maswali na majibu ya CBC, tayari kumezwa. Na mradi wa mtoto nyumba nyingine unatengenezwa na jirani, mtoto anaubeba tu. Serikali inaweza kubadilisha jina la mfumo mara kumi. Kama sisi nyumbani bado tunauliza "umekuwa namba ngapi?" na hatuulizi "umejifunza kufanya nini?", watoto watatusikia sisi kabla hawajamsikia waziri.

Hapa wacha niweke breki. Sitaki mtu aondoke na jarida hili akisema Pasta amekataza kukariri. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanakariri mstari kila wiki na wataendelea. Mtunga Zaburi 119 ameliweka Neno moyoni ili asitende dhambi, na huwezi kuweka moyoni kitu ambacho hukukishika kichwani. Kumbukumbu la Torati 6 inawataka wazazi warudie maagizo ya Mungu kwa watoto wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa njiani, wakilala na wakiamka. Huko ni kurudia, tena sana. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha atasumbuka maisha yake yote, hata akiwa seremala. Hasa akiwa seremala.

Lakini soma Luka 4. Yesu yuko nyikani, na kila jaribu analijibu kwa Maandiko, kwa kichwa, bila kitabu mkononi. Halafu angalia Ibilisi naye. Ananukuu Zaburi ya 91! Wote wawili walikuwa na Maandiko kichwani. Yesu alijua Neno ni la nani, lilisema nini na linatumika wapi. Yule mwingine alikuwa na maneno tu. Na tukirudi nyuma kidogo, Luka 2, tunamkuta Yesu wa miaka 12 katikati ya walimu hekaluni, akisikiliza na kuwauliza maswali. Mtoto wa seremala, aliyekua kwenye mbao na misumari, mpaka Marko 6 watu wa kwao wanamtaja kwa kazi hiyo. Kwake kitabu na karakana havikugombana.

Sasa nitoe mfano wa hapa Kisumu. Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Pale tulikariri maana ya gharama, faida, ugavi na mahitaji, kila moja na nukta zake tano. Nilipita. Lakini watu wanaojua ugavi na mahitaji kweli kweli ni akina mama wetu wanaouza omena Kibuye. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo ufuoni zinakuja chache na bei inapanda. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mvua ikinyesha mchana omena hazikauki, na zile zilizoharibika zinaenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya hasara. Mama anayebeba hayo yote kichwani amesoma, hata kama hakuvuka darasa la sita.

Lakini na yeye ana pengo, na hapa ndipo kitabu kinahitajika. Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme amenunua gunia la omena kwa shilingi 4,500 na linampa gorogoro 30. Anauza gorogoro kwa 200. Binti yake wa Gredi ya 8 amekariri kwamba faida ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia. Anapiga hesabu: 6,000 toa 4,500, faida 1,500. Kwenye karatasi ya mtihani anapewa alama zote. Sasa mwambie huyo binti aende sokoni Jumamosi akae na mama kutwa nzima, na daftari. Ataona nauli ya gunia ni 300. Ataona ada ya soko na mifuko ni 150. Halafu ataona kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chake, ile nyongeza. Kila mteja anasema "ongeza mama", na mama anaongeza kiganja, kwa sababu bila nyongeza mteja anahamia meza ya jirani. Jioni gorogoro 30 zimekuwa 27. Amepata 5,400. Toa 4,950. Faida ni 450.

Jibu la darasani ni 1,500. Pesa iliyo kwenye leso ya mama ni 450. Na kama nyumbani walikuwa wanapanga karo wakitegemea ile 1,500, basi sasa unajua kwa nini karo huwa haitoshi na watu wanaanza kusema biashara imerogwa. Wapendwa, hapo hakuna pepo wa kukemea. Panahitajika daftari. Binti aliyekaa siku hiyo sokoni hatasahau maana ya gharama mpaka azeeke, na mama kwa mara ya kwanza ana rekodi ya kuonyesha chama au sacco akitaka mkopo. Kila mmoja amemfundisha mwenzake.

Turudi kwa kijana wa injini. Mama, usiombe hiyo roho imtoke. Kwanza mpime. Kuna mtoto anayependa ufuo kwa sababu anakwepa kazi za nyumbani, na kuna mtoto ambaye kweli moyo wake umesukumwa kama wale wa Kutoka 36. Muulize: kwa nini injini ya mashua inachemka ikipita kwenye gugu maji? Akikwambia "sijui, fundi ndiye anajua", bado anatazama tu. Akikwambia injini inavuta maji ya ziwa ili ijipoze, na gugu likiziba tundu la kuingizia maji injini inakosa kupozwa, huyo ameanza fizikia, hata kama shuleni hajui kama anaipenda.

Na jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: ufundi uko ndani ya STEM. Mkondo huo una sayansi halisi, sayansi tumizi, na masomo ya kiufundi kama umeme, ujenzi, useremala, kazi ya chuma na umekanika wa injini. Kuna hata somo la mambo ya bahari na uvuvi, na sisi tunaishi ziwani! Kwa hiyo kijana hakuchagua ufundi akaacha sayansi. Atahitaji hisabati, tena atahitaji kuikariri na kuielewa. Swali gumu liko kwingine. Shule anayopangiwa ina karakana? Ina mwalimu wa somo hilo? Ina vifaa, au mtoto ataenda kukariri sehemu za injini kutoka ubaoni, tukarudi kwenye randa ya 8-4-4? Hayo muulize mwalimu mkuu kabla ya kujaza fomu. Ni haki yako. Na kama njia ya Sekondari Pevu haitafaa, kuna vyuo vya ufundi, na hapa mjini tuna Kisumu National Polytechnic. Mtu haanguki kwa Mungu kwa sababu amepitia huko.

Najua kuna atakayesema, "Pasta, wewe una digrii, ni rahisi kwako kutuambia hivyo." Ni kweli ninayo na ninamshukuru Mungu. Simwambii mtoto yeyote aache chuo kikuu. Kama binti yako anataka udaktari na anaweza, muuzie ng'ombe asome. Ninachopinga ni kupanga watoto mbele za Mungu kwa alama. Na kanisani tunalifanya bila kusema. Jumapili ya shukrani tunawaita mbele waliopata alama za juu na walioitwa chuo kikuu. Wanapigiwa makofi, wanapakwa mafuta, wanapigwa picha. Dada aliyemaliza cheti cha ushonaji na ameshona sare za kwaya tulizovaa siku hiyo hiyo anakaa nyuma. Mtoto wa miaka tisa akikaa hapo katikati anajifunza nini kuhusu Mungu wetu? Hakuna aliyemhubiria, lakini somo ameshalipata.

Nimelizungumza na Mchungaji Kiongozi pamoja na baraza la wazee, na tumekubaliana mambo mawili. Jumapili ya shukrani ya mwaka huu tutawaita pia waliomaliza kozi za ufundi na waliohitimu chini ya fundi, na kila mmoja atakuja na kazi moja ya mikono yake. La pili ni likizo. Tuna mafundi wengi kanisani: mbao, vyuma, umeme, cherehani, simu, upishi, na kaka zetu wa mashua pale Dunga. Kila fundi aliye tayari kupokea watoto wawili, asubuhi mbili kwa wiki wakati wa likizo, aandikishe jina lake kwa idara ya watoto.

Masharti niyaseme wazi, kwa sababu najua tulivyo. Hatutafuti vibarua wa bure. Mtoto anakuja kujifunza, hatumwi kununua sigara za wateja wala hashindi akifagia. Mzazi atatia sahihi. Hakuna mtoto atakayekaa peke yake na mtu mzima ndani ya duka lililofungwa. Hakuna atakayepanda mashua bila jaketi la kuokolea, hata kama anajua kuogelea, hata kama mashua haiondoki ufuoni. Na fundi asimwambie mtoto "tazama tu". Amweleze kwa nini. Kama Bezaleli alitiwa moyoni kufundisha, na wewe omba hiyo sehemu ya karama, maana kuna mafundi wazuri sana ambao siri ya kazi watakufa nayo.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: someni Kutoka 35:30 mpaka 36:2. Wenye watoto waje nao. Kila mtoto aseme mstari mmoja anaoukumbuka, halafu aeleze ulimsaidia siku gani. Kisha aonyeshe kitu kimoja anachojua kufanya kwa mikono yake, hata kama ni kukanda chapati au kuziba pancha ya baiskeli. Watu wazima wamwulize maswali, na mzazi wake asimsaidie kujibu.